Jinsi ya Kufuatilia Rili Moja ya Kiayalandi Hadi Kwenye Santuri na Vitabu Vyake

Umesikia kipande cha fidla kwenye simu, sekunde arobaini tu, kikakukaa kichwani wiki nzima. Chini ya video hakuna jina. Unataka kujua inaitwaje, nani aliwahi kuirekodi, na nota zake ziko wapi ili nawe uipige. Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, na nilipoteza siku nyingi kwa kosa moja: nilikuwa nikiwinda majina, kumbe nilipaswa kuwinda nota. Katika muziki huu jina huhama kama mgeni, lakini nota ndizo mwenyeji.

Nitatumia rili moja kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, Drowsy Maggie, kwa kuwa inapigwa karibu kila mahali penye wapenzi wa muziki wa Ayalandi. Kwa asiyejua, rili ni tuni ya kuchezwa, haina maneno. Kila bari, yaani kipande kidogo cha muziki kati ya mistari miwili ya wima, ina nafasi ya nota fupi nane, na mguu hugonga mara mbili. Rili nyingi zina sehemu mbili za bari nane nane, kila sehemu inarudiwa, jumla bari 32. Ngoma hii iliingia Ayalandi kutoka Uskoti katika karne ya 18. Kumbuka hilo, maana litakurudisha Uskoti mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya kwanza: jua tuni yako inaanza wapi na kuishia wapi

Wapigaji wa Kiayalandi huunganisha tuni mbili au tatu bila kupumzika. Anayepandisha video huandika jina la ya kwanza tu. Nilishinda jioni mbili nikishangaa kwa nini "Drowsy Maggie" niliyoinukuu haifanani na kitabu chochote, hadi nilipotambua kwamba nilikuwa nimenukuu tuni ya pili kwenye mfuatano ule.

Dawa yake ni kuhesabu. Kwa mwendo wa kugonga mguu mara 112 kwa dakika, bari 32 humalizika kwa sekunde 34 hivi. Mpigaji akishazunguka mara mbili au tatu, tega sikio: nota ambayo muziki unarudi kupumzikia ikibadilika ghafla, umevuka mpaka. Andika dakika na sekunde ya kila mpaka kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Kisha punguza kasi. Audacity ni programu ya bure ya kompyuta inayoweza kupunguza mwendo bila kushusha kimo cha nota. Kwenye simu, punguza kasi ya video hadi nusu.

Hatua ya pili: toa mifupa ya tuni

Hapa usikimbie, maana kazi yote iliyobaki inasimama juu ya hatua hii. Usijaribu kunukuu kila nota. Pambo la fidla litakuchanganya. Chukua nota ya kwanza ya kila jozi, yaani nota nne kwa bari, kwa bari mbili za mwanzo. Katika Drowsy Maggie utapata:

E B d B | E B A D

Herufi ndogo ni nota ya juu zaidi. Kama wewe ni mwanakwaya uliyezoea solfa kuliko herufi, chukua D kuwa do, nayo itakuwa: re la do la, re la so do, ile do ya kwanza ikiwa ya juu na ya mwisho ikiwa ya chini. Imba mara kumi. Ukiweza kuimba nota hizo nane bila kuisikia rekodi, unayo tuni mkononi hata kama hujui jina lake.

Sasa jaza nyama. Wapenzi wa muziki huu hutumia mtindo wa kuandika uitwao ABC, uliosambazwa kwenye intaneti na Chris Walshaw mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni maandishi ya kawaida tu, unaweza kuyatuma kwa WhatsApp. Sehemu ya kwanza ya Drowsy Maggie inaandikwa hivi:

X:1
T:Drowsy Maggie
R:reel
M:4/4
L:1/8
K:Edor
|:E2BE dEBE|E2BE AFDF|E2BE dEBE|BABc dAFD:|

Mstari wa T ni jina, R ni aina ya ngoma, M ni mapigo, L ni urefu wa nota moja, K ni ufunguo. Namba 2 baada ya herufi inaongeza urefu wa nota mara mbili. Mistari miwili yenye nukta inamaanisha rudia, ndiyo maana bari nne hizi zinakuwa nane. Edor ni skeli inayoanzia E lakini ina F na C zilizopandishwa, kama ya D. Sehemu ya pili inahamia D waziwazi: d2fd c2ec|defg afge, na kuendelea. Kuna herufi nyingine ambazo wengi huzisahau, nazo ni za thamani kubwa kwa mtafutaji: S ni aliyekupa tuni, D ni rekodi ulikoitoa, B ni kitabu, Z ni aliyenukuu. Zijaze leo. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

Hatua ya tatu: tafuta kwa nota

Weka bari moja ndani ya alama za kunukuu kwenye mtambo wowote wa kutafutia, kwa mfano "E2BE dEBE". Kwa kuwa ABC ni maandishi, mara nyingi utaangukia ukurasa wenye tuni yako siku hiyo hiyo. Njia nyingine ni Tunepal, programu inayosikiliza upigaji wako kisha inalinganisha na nota za makusanyo mengi. Ushauri wangu ni huu: usiielekezee bendi nzima. Piga mwenyewe, kwa fidla au filimbi, ala moja tu, mahali tulivu. Gitaa na ngoma zikiingia inapotea.

Lakini bari moja haitoshi, na sababu naweza kukuonyesha. Kuna rili nyingine maarufu, Miss McLeod's. Bari yake ya kwanza ni G2BG dGBG. Iweke chini ya E2BE dEBE uone. Umbo ni lile lile kabisa, ila G imekaa mahali pa E. Mtu mwenye sikio la haraka angesema ni tuni moja. Bari ya pili ndiyo inayotoa hukumu: Drowsy Maggie inashuka A hadi D, na Miss McLeod's inabaki imekaa juu ya B. Tafuta kwa bari mbili kila mara, na ukipata inayofanana, hakikisha na sehemu ya pili pia.

Breandán Breathnach, mkusanyaji wa tuni za Kiayalandi aliyefariki mwaka 1985, alilijua tatizo hili kabla ya kompyuta kuenea. Alijenga faharasa ya kadi ambamo kila tuni ilipangwa kwa msimbo wa nota zake zenye mkazo, ili tuni mbili zenye majina tofauti zikutane kwenye droo moja. Tunachofanya kwa nota zetu nane ni njia ile ile.

Hatua ya nne: kusanya majina yote

Ukishapata ukurasa wa tuni kwenye thesession.org, tovuti ya wapenzi wa muziki huu, nenda kwanza kwenye orodha ya majina mengine. Nakili yote, hata yanayoonekana ya ajabu. Kila jina ni mlango wa hifadhi nyingine.

Miss McLeod's inafundisha vizuri. Ilichapishwa Edinburgh mwaka 1809 katika mkusanyo wa tano wa ukoo wa Gow, wapiga fidla wa Uskoti, kwa jina Miss McLeod of Raasay, Raasay ikiwa kisiwa kilicho jirani na Skye. Marekani wapigaji wa fidla wa kusini huiita Hop High Ladies, na wengine huiita kwa swali, Did You Ever See the Devil, Uncle Joe. Mtu akitafuta jina la Ayalandi tu, Marekani yote inampita. Rili nyingine, Rakish Paddy, nayo ina damu ya Cabar Féidh, tuni ya Uskoti.

Kinyume chake pia kipo. Paddy Fahey wa Galway alitunga tuni nyingi asizipe majina, kwa hiyo rekodi kadhaa zinasema "Paddy Fahey's" na kila moja ni tuni tofauti. Ukiona gan ainm kwenye lebo au kitabu, hilo si jina la tuni. Ni Kiayalandi, maana yake "bila jina".

Hatua ya tano: santuri

Santuri za muziki huu zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani, si Ayalandi. Mwaka 1916 mwenye duka mmoja New York, Ellen O'Byrne DeWitt, aliishawishi kampuni ya Columbia imrekodi Eddie Herborn wa kodiani na James Wheeler wa banjo, kwa kuwa wahamiaji walikuwa wakimwomba muziki wa kwao na yeye hana cha kuwauzia. Kampuni zikaona soko. Kutoka hapo tukapata santuri za Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyezaliwa 1891 na kufia New York 1945. Upigaji wake ulirudi Ayalandi ndani ya santuri hizo na kubadilisha namna watu walivyopiga huko huko kwao. Nikisoma habari hizi humkumbuka Siti binti Saad akivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV. Ni biashara ile ile ya santuri za mizunguko 78, na wasikilizaji wale wale wanaotaka kusikia sauti ya kwao.

Kwa Drowsy Maggie, anza na Patsy Touhey. Alizaliwa Galway mwaka 1865, akakulia Marekani, na akawa bingwa wa zumari ya mfuko ya Kiayalandi, ile ambayo mpigaji haipulizi kwa mdomo bali hukandamiza mvukuto kwa kiwiko. Mwaka 1919 alirekodi kwa kampuni ya Victor, na katika upande mmoja wa santuri alianza na Drowsy Maggie, akaingia Scotch Mary, akamalizia na Flogging Reel. Upande wa santuri ulibeba kama dakika tatu, yaani mizunguko mitano hivi ya rili ya bari 32, ndiyo maana tuni zilibanwa namna hiyo. Usishangae basi orodha ikiandika tu "mchanganyiko wa rili". Majina yako kwenye mabano au hayapo kabisa, na ni sikio lako litakalosema.

Mahali pa kutafuta ni orodha ya kidijitali ya rekodi za zamani za Marekani iliyopo Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Ina nguvu hasa kwa Victor: utakuta tarehe ya studio, ala, na namba ya matriksi, yaani namba ambayo kampuni iliupa upigaji ule, na ambayo mara nyingi huchorwa kwenye santuri karibu na lebo. Shika namba hiyo kuliko namba ya katalogi. Katalogi hubadilika santuri inapotolewa upya, lakini matriksi inabaki kuwa cheti cha kuzaliwa cha upigaji ule. Ukikuta CD mbili zenye majina tofauti na matriksi moja, una rekodi moja, si mbili. Sauti zenyewe sikiliza kwenye Internet Archive na kwenye mkusanyo wa kidijitali wa Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kwa albamu za baadaye, tovuti ya irishtune.info huonyesha tuni ipo kwenye albamu gani na sehemu gani ya mfuatano. The Chieftains, kwa mfano, waliifungulia Drowsy Maggie albamu yao ya nne, ya mwaka 1973.

Hatua ya sita: kagua kasi kabla hujaamini ufunguo

Wanukuzi wengi huanguka hapa. "Mizunguko 78" ilikuwa makadirio, na mashine za kurekodia hazikulingana. Tofauti ya asilimia sita tu inatosha: santuri iliyokusudiwa kuzungushwa 78 ukiizungusha 82.6, kila nota inapanda nusu toni. Unasikia F badala ya E, unaandika ufunguo ambao hakuna mpiga fidla angeuchagua, na nota zako zinakuwa takataka.

Kwa hiyo ukipata ufunguo wa ajabu, jiulize mambo mawili. Je, mpigaji alikaza nyuzi juu zaidi, au zumari yake ilitengenezwa kwa sauti ya chini? Au santuri imeenda mbio? Sikiliza nyuzi tupu za fidla, hulia wazi kuliko nota zilizobanwa kwa kidole. Ukizisikia mahali pa G, D, A na E lakini nusu toni juu, andika nota kwenye ufunguo wa kawaida na uongeze maelezo pembeni. Nota zimfuate mpigaji, zisiifuate mashine.

Hatua ya saba: vitabu na miswada

Jina kubwa ni Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905. Mwaka 1903 alitoa mkusanyo wa tuni 1,850, na mwaka 1907 mwingine wa tuni 1,001 za kuchezwa. Yeye mwenyewe hakuwa akiandika nota. Alikuwa akipiga au kuimba, na James O'Neill, mpiga fidla asiye ndugu yake, akiandika. Drowsy Maggie imo. Utaiona ikiwa nyepesi, karibu mifupa mitupu, kwa sababu mapambo walimwachia mpigaji ajue mwenyewe.

Angalia mitego miwili. Mwaka 1976 Miles Krassen alitoa toleo lililorekebishwa la kitabu cha 1903, lenye jina linalokaribiana sana na la kwanza, lakini nota zake zimeongezwa mapambo na kubadilishwa. Mtu akikuambia "nimeitoa kwa O'Neill", muulize mwaka. Mtego wa pili ni wa Boston: mkusanyo wa Ryan wa mwaka 1883 ulirudi sokoni mwaka 1940 kwa jina la Cole's. Ukiviorodhesha kama vyanzo viwili, unahesabu shahidi mmoja mara mbili.

Baada ya hapo fungua juzuu tano za Ceol Rince na hÉireann, alizozianza Breathnach mwaka 1963. Uzuri wake ni kwamba anakuambia tuni aliipata kwa nani. Kwa rili zenye asili ya Uskoti, Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka vitabu vya ukoo wa Gow kwenye intaneti. Na kwa chochote kile, rudi ITMA, hifadhi ya muziki wa jadi iliyoko 73 Merrion Square, Dublin, iliyoanzishwa mwaka 1987. Kadi za Breathnach ziko huko.

Usisahau rekodi zisizo za biashara. Mwaka 1947 Tume ya Ngano ya Ayalandi, yaani ya kukusanya hadithi na mila za jadi, ilimrekodi Johnny Doran, mpiga zumari wa jamii ya wasafiri aliyekuwa akizunguka nchi na gari lake la farasi. Zilikuwa santuri chache tu, zilizorekodiwa na Caoimhín Ó Danachair mjini Dublin. Miezi michache baadaye ukuta uliangukia gari alimokuwa akiishi, akapooza, na mwaka 1950 akafariki. Rakish Paddy yake tunayo kwa sababu mtu aliwahi kufungua mashine siku ile. Kwa silinda za nta, zilizo za zamani zaidi na zenye mikwaruzo mingi, hifadhi ya Ward iliyoko Milwaukee, Marekani, imetunza zilizotokana na Francis O'Neill na marafiki zake, Touhey akiwemo.

Hatua ya nane: linganisha bila kutafuta mshindi

Panga matoleo yako wima, bari chini ya bari. Mimi huandika nota za Touhey mstari wa juu, O'Neill wa kati, na mpigaji wa video yangu wa chini. Usipige mstari chini ya tofauti ukaandika "kosa". Nota za kitabu ni za mtu mmoja siku moja, na rekodi pia. Mpigaji hodari hapigi mzunguko wa pili sawa na wa kwanza, kwa hiyo ukinukuu rekodi, sema ni mzunguko wa ngapi.

Nota zenye mkazo ndizo zitakazokuambia kama ni tuni ile ile. Zikikubaliana katika bari sita kati ya nane, ni ndugu. Miisho ya sehemu hukuambia ni ndugu wa tawi gani, kwa sababu watu hubadilisha katikati ya sentensi kuliko mwisho wake. Mapambo yaache mwisho. Hayo ni mkono wa mpigaji na tabia ya ala yake: kile ambacho zumari hukifanya kwa vidole vya haraka kwenye nota moja, fidla hukifanya kwa upinde.

Hatua ya tisa: daftari, haki, na barua

Kila rekodi ipe ukurasa wake: mpigaji, ala, mahali, mwaka, kampuni, matriksi, nafasi ya tuni kwenye mfuatano, ufunguo uliousikia, ufunguo ulioandika, na ulikoisikiliza. Safu usiyoijua iache wazi. Usiijaze kwa kukisia, maana baada ya mwaka mmoja kisio lako litakuwa limeshageuka ukweli kwenye daftari la mtu mwingine.

Kuhusu haki, tuni za jadi zenyewe ni za wote, lakini rekodi na uchapaji mpya vina wenyewe. Kwa sheria ya Marekani rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zimekuwa huru tangu 1 Januari 2022. Albamu ya juzi si huru, hata kama tuni ina miaka mia mbili. Sikiliza, nukuu kwa kujifunza, lakini usiisambaze.

Ukikwama, waandikie wahifadhi. Wape ABC ya bari nane za kwanza, majina uliyokwisha kuyajaribu, na swali moja tu. "Nisaidieni kuhusu rili hii" ni mzigo kwao. "Je, mna rekodi ya tuni hii ya kabla ya 1930 iliyopigwa na fidla?" ni swali ambalo mtu anaweza kusimama, kwenda kwenye rafu, na kurudi na jibu.